Hester Garbutt Hedvall, Aliyeipa Uswidi Maneno ya Hull

Ndugu, jamaa na majirani, ahsanteni kwa kuja na mvua yote hii kumsindikiza dada yetu. Hester alizaliwa hapa Hull tarehe 9 Machi 1944, kifungua mimba wa mzee Wilfred Garbutt, mpakuzi wa mbao bandarini, na mkewe Edna. Mbao zile zilitoka Uswidi, na mabaharia waliozileta walikuwa na kanisa lao karibu na gati. Kila Jumapili walimpa aliyeingia kahawa na mkate wa iliki. Hester alifuata mkate, akarudi na lugha.

Alisoma shule ya mtaani, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1962 akaenda chuo kikuu Uppsala. Mwalimu wake mmoja wa sekondari alimwuliza Kiswidi kitamfaa nini mtoto wa mpakuzi. Swali hilo aliulizwa mpaka uzeeni, mara nyingi na watu walioshika mkononi kitabu alichokifasiri yeye.

Tarehe 14 Juni 1969 aliolewa na Lennart Hedvall, mwalimu wa muziki kutoka Härnösand, wakajaliwa binti mmoja, Signe. Kila Agosti tulivishwa kofia za karatasi na kulishwa kamba wa mtoni, kama ilivyo karamu ya Waswidi mwezi huo, tangu mwaka Hester alipofasiri sura ya kitabu yenye karamu hiyo na kutaka kusikia watu wanavyofyonza. Shemeji Lennart alitutoka mwaka 2011.

Kazi yake ya kufasiri aliifanya jikoni kwake, hapa Hull. Akimaliza ukurasa, alimwita jirani yetu, Bi Ivy Thackray, asiyejua Kiswidi hata salamu, akamsomea kwa sauti. Siku moja ilikuwa tamthilia: mama mmoja anasugua mazulia yake gatini wakati wa kiangazi, kama wafanyavyo Waswidi, na mwanawe mlevi anayakanyaga.

"Mama gani anaongea hivyo, Hester?" Bi Ivy alimkatiza. "Huyo amekasirika au anaandika barua ya ofisini?"

"Haya, wewe ungesemaje?"

"Ningesema, toa viatu vyako juu ya zulia langu kabla sijakukunja humo humo!"

Hester akaandika hivyo hivyo.

Tamthilia hiyo ilichezwa London mwaka 2014. Jumba la maonyesho liliiita kazi ya Hester "rasimu ya kusaidia", likampa mwandishi mmoja maarufu, asiyeweza kuagiza kahawa kwa Kiswidi, aiandike upya. Alihamisha koma, akafuta salamu mbili, na jina lake likabandikwa mjini kote. La Hester lilikuwa nyuma ya kijitabu cha onyesho, chini ya watengeneza wigi. Tulikwenda onyesho la mchana. Zulia lilipofika, Bi Ivy alisimama.

"Hester! Yule si mimi?"

"Kaa chini, Ivy, watu wanatutazama."

"Wacha watazame! Maneno yale nimeyasema mimi, jikoni kwako, na chai mkononi!"

Wakati wa mapumziko binti mmoja wa jumba lile alikuja kututuliza. "Mama, mwandishi wetu ana kipaji cha ajabu cha kusikia watu wa kawaida wanavyoongea."

"Anawasikilizia wapi?" Bi Ivy akamwuliza. "Hull amefika lini huyo?"

Magazeti yakasifu kipaji hicho hicho. Hester aliandika kulalamika, akajibiwa kwamba ndiyo desturi ya kazi. Ndugu zangu, kumnyang'anya mtu kazi yake ni kumnyang'anya, hata kukiitwa desturi.

Oktoba 2023 aligundulika na saratani ya kongosho. Akiwa kitandani alisikia kwamba tamthilia ile itachapwa kitabu cha wanafunzi. Alimpigia simu mchapishaji mwenyewe.

"Jina lako tutaliweka kwenye shukrani, mama," kijana aliyepokea simu alimwambia.

"Mwanangu, siombi kushukuriwa. Kila neno la Kiingereza humo nimeliweka mimi. Liweke jina langu kwenye jalada."

Walisema watalitazama. Alifariki tarehe 2 Februari 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa Signe, kabla hawajalitazama. Wiki haijaisha, wakapiga simu kutoa pole, na humo humo wakaomba Signe asaini waitumie "ile rasimu".

"Rasimu hatuna," Signe aliwajibu. "Tuna tafsiri. Jina la mama juu ya jalada, ama msichape."

Mpaka asubuhi ya leo hawajajibu. Wameleta shada la maua, lile kubwa pale mlangoni, na kadi inasema: "Kwa rafiki wa tamthilia yetu." Tunashukuru kwa maua. Kadi tumeitoa.

Marehemu ameacha binti, Signe. Wajukuu wawili, Elin na Tobias. Mdogo wake, Norman, anayewasomea haya. Na Bi Ivy, ambaye kwetu ni ndugu. Kadi mpya ameiandika Signe kwa mkono wake, nanyi mtakapopita kuaga mtaiona. Ina jina kamili, na chini yake neno moja: mfasiri.

Lala salama, dada. Hilo jalada tuachie sisi.