Kufuli la Chumba cha Uani

Sogeeni, wanangu, mnisikilize; Fredrick, weka simu chini, na wewe Lusungu acha kunifuta uso, sijalia. Mie nimeosha vyombo vya maabara ya udongo miaka thelathini na moja, leo hata kikombe kinanishinda, lakini masikio ninayo, na asubuhi hii nimesikia kufuli likibanwa kwenye chumba cha uani. Umemfungia nje huyu dada yako Lusungu, Fredrick, eti kaja mwaka jana tu kutoka Mbeya na digrii isiyo na ajira, eti mama zenu ni wawili.

Basi sikia kosa langu. Zile kunde nyuma ya choo, nilipewaga pakiti ya bakteria wa kurutubisha mizizi, nikazipaka mbegu, kisha nikazianika juani kama mahindi. Wakafa wote! Kunde zikastawi, na mie misimu sita naisifia pakiti Gongo la Mboto nzima, mpaka Lusungu akaniumbua: “Baba, this is serious, waliofanya kazi ni wenyeji wa udongo wako, wageni uliwachoma mwenyewe.” Tukapaka upya, kivulini. Wakaigombania ile mizizi, wenyeji wakajaza vinundu vingi, vile vivimbe vya mizizini wanamokaa bakteria, wageni wakapata vichache; halafu rafiki yake wa chuo akapima, kinundu kimoja kikakutwa na wote wawili, mwenyeji na mgeni, wamo humo humo, mmea unakula. Nilicheka hadi kifua kikanibana.

Pasua kinundu kwa wembe, Fredrick. Kikiwa chekundu ndani, kinaulisha mmea. Kikiwa cheupe kinakula bure, na mmea unakibania hewa, hauulizi nani alitangulia kufika. Miezi minane hii nani amenibeba kwenda chooni? Wewe umeniletea madalali, wakapima ukuta nikiwa nimelala hapa.

Nyumba haiuzwi. Vyumba vya mbele ni vyako, cha uani ni cha Lusungu, bustani mtalima wote. Na wewe msomi wangu, huo ulimi wa pilipili mpunguzie kaka yako, naye ana hofu zake.

Mungu awape watoto watakaochezea uani pamoja... Nisogezeni mto. Hapo.

Ufunguo uko mfuko wa shati, Fredrick, nauona. Nenda sasa, ni hatua kumi tu. Nasikiliza... Pumzi inaniishia, mwanangu... Fredrick... bado sijalisikia kufuli.