Tangawizi Ndani ya Chupa ya Chai

Asubuhi hiyo benchi la nje ya saluni lilikuwa na watu wake wa kila siku: Kinyozi mwenyewe, ambaye wateja humkuta nje zaidi kuliko ndani, Waya, fundi redio, anayejua hata asichoulizwa, na Mama Kahawa, birika lake juu ya mkaa. Akaja Breki, dereva wa lori, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hajawahi kugonga hata kuku. Kwa kawaida kicheko chake hufika kabla yake. Leo alikuja kimya, akaiweka chupa yake ya chai katikati ya benchi, kisha akakaa mbali nayo.

— Vipi, umegombana na chupa? Kinyozi akauliza.

— Kuna mtu anatia kitu kwenye supu yangu.

Supu hiyo wote waliijua. Breki hakuwa mtu wa kula ovyo njiani. Dada yake aliyemlea ndiye aliyemfundisha: unaipasha chupa kwa maji ya moto, unayamwaga, unatia karoti na viazi vilivyokatwa vidogo, dengu kiganja kimoja, kitunguu na chumvi. Unajaza maji yanayotokota, unafunga, unawasha gari. Mchana ukifungua, supu imejiivia yenyewe. Dada alifariki mwaka jana. Chupa ilikuwa yake.

— Anatia nini? akauliza Mama Kahawa.

— Tangawizi. Mimi sinunui tangawizi, mama. Nikifungua naikuta inaelea, vipande vyembamba mpaka unaona mwanga upande wa pili.

Breki akaitazama chupa.

— Dada ndiye aliyekuwa anakata vile.

Kinyozi akajikuna kidevu.

— Harufu ya zamani hiyo. Imeganda kwenye kifuniko.

— Harufu ina vipande? Mama Kahawa akamkata.

— Basi utingo wake anamtania.

— Nasafiri peke yangu, alisema Breki. Na mchana huu natakiwa niwe barabarani. Nawaambia kweli, naogopa.

Waya akaichukua chupa, akaigeuzageuza kama redio iliyoletwa ikiwa kimya.

— Tuipike supu hapa hapa, mbele ya macho yetu.

Wakaiosha chupa. Mama Kahawa akachungulia ndani, akaipitisha kwa wenzake nao wakachungulia. Breki akatia vitu vyake, akajaza maji matupu yaliyochemshwa kwenye birika, akafunga kwa nguvu. Wakakaa kuilinda. Mteja alikuja kunyolewa, Kinyozi akamwambia wembe umepotea.

— Mimi naona hivi, alisema Waya. Chupa hii ina vioo viwili, katikati hamna hewa. Pasipo hewa hakuna kinachotoka. Kilichoingia zamani kimo bado.

— Unataka kusema dada yake yumo humo? Kinyozi akaguna.

— Sijamtaja mtu.

— Kwangu ni tofauti, alisema Kinyozi. Huyu Breki anadhani anapika, anaongezewa kiungo. Labda anayepika ni mwingine, yeye ni wa kumkatia karoti tu.

— Ishieni hapo! alisema Mama Kahawa.

Ndipo wakasikia. Ndani ya chupa, taratibu: kng, kng, kng. Kama kijiko kinachogongwa ukingoni mwa sufuria baada ya kukoroga.

— Kioo hicho, kinatanuka kwa joto, alisema Waya. Lakini alijisogeza mpaka nusu yake ikawa nje ya benchi.

Jua lilipofika utosini, Breki alifungua kwa mikono miwili. Mvuke ukapanda. Hawakuhitaji kuchungulia, harufu iliwajia wote kwa pamoja. Juu ya dengu vilielea vipande vyembamba, vya manjano, vimekatwa kwa mkono usio na haraka.

Mwanamke mgeni, mzigo mkononi, akasimama mbele yao.

— Samahanini, naulizia kituo cha basi.

Akanusa, uso ukalegea kwa huruma.

— Jamani, supu ya mgonjwa. Nani anaumwa?

Kinyozi akamtazama Waya. Waya akamtazama Mama Kahawa. Kisha kila mmoja akaanza kujisikiliza mwenyewe, kifua, tumbo, kichwa.

Breki akakumbuka. Kweli, Dada hakuwahi kutia tangawizi kwenye supu ya kila siku. Aliitia mtu akiumwa. Na mara nyingi aliitia kabla mgonjwa mwenyewe hajajua kuwa anaumwa.

Mgeni akaenda zake. Breki akatoa funguo za lori, akaziweka mapajani mwa Mama Kahawa. Akapiga simu: leo haendeshi.

Kisha akamimina vikombe vinne. Wakainywa ile supu huku wakitazamana, na hakuna aliyethubutu kubakiza hata kipande.