Mto Ukinyamaza

Tariki, keti. Safi, mwanangu, acha kulia kwanza, utalia ukifika mlimani. Miye baba yenu nina maneno ya kuwaachia, na pumzi yenyewe ndiyo hii mnayoisikia, kwa hiyo asinikatize muntu.

Nyuma ya nyumba ziwa limepanda hadi dirishani, mbele mto Mulongwe unashuka na udongo wote wa mlima, na sisi tumebanwa katikati. Huwezi kunibeba, Tariki. Ulijaribu asubuhi tukaanguka wote wawili mlangoni, na sasa maji yako magotini, mawe yanabingirika chini yake.

Parsele hii, kiwanja chetu hiki, ni yenu wote wawili, lakini ole wake atakayejenga tena hapa. Na yule Niyonkuru wa Luvungi, tuliyegombea naye mpaka wa shamba, mwachieni. Nimechoka kumchukia.

Sasa shikeni hili. Mto ukipiga kelele, ukirukaruka na kutoa povu, bado unakupa nafasi. Ukishiba matope unakuwa mzito, unalala, uso wake unalainika kama uji, na kelele inakatika. Hapo watu wetu wanasema umetulia, wanarudi kuchukua vyombo, kumbe ndio kwanza unakuja na nguvu zake zote. Mama yenu Mapendo naye alisema hivyo hivyo, “Si umetulia, Baba Safi?” akarudi kuchukua cherehani yake. Cherehani tuliifukua kwenye matope. Yeye hatujampata hadi leo. Safi, hiyo cherehani ni yako, ila leo usiiguse!

Nendeni wakati bado unanguruma. Naogopa kubaki peke yangu, ndiyo, naogopa sana, lakini kuwaona nyinyi mmebaki naogopa zaidi. Mkinipata, nizikeni juu, mbali na maji. Msiponipata, niswalieni hivyo hivyo.

Radhi zangu mnazo, zote, sikubakiza hata kidogo. Mungu awape watoto wanaoondoka wakiambiwa ondokeni, si vichwa vigumu kama nyinyi.

Tariki, mshike dada yako mkono. Mlango... uacheni wazi.

Safi... umefunga dirisha? Hukufunga?

Basi mbona sisikii... Kimbieni. Wanangu, kimbieni!