Hata Kurudi Hujui

Benchi letu liko kwenye kona, limeegemea ukuta wa nyumba yangu, na mguu wake mmoja umeinuliwa kwa tofali kwa sababu Redio ana makalio mazito na hataki kuhamia upande wa pili. Mimi huketi kwenye kigoda mlangoni pangu na birika langu la kahawa, nachambua maharage, nasikia. Shule niliiacha mapema, nikiwa najua kusoma vibao vya dukani na kuhesabu chenji tu, lakini masikio yangu yamefika chuo kikuu. Redio alikuwa fundi mwashi mpaka mgongo ukamgomea. Jina kapewa kwa sababu hazimiki. Wakili alikuwa mfagiaji mahakamani, na hukumu zilizomwingia sikioni akifagia ndizo anazotugawia hapa bure. Wa tatu ni Msimamizi, aliyekuwa msimamizi wa zamu kiwanda cha nyuzi kule mwisho wa barabara. Tangu astaafu hana cha kusimamia isipokuwa mke wake. Siku ninayowasimulia alikuja na begi.

— Unahama au unauza mitumba? Redio akamuuliza.

— Nahama. Nakwenda kwa mdogo wangu shamba. Basi linaondoka jua likizama.

— Na mkeo?

— Mke wangu ndiye anayenihamisha.

Nikaacha maharage. Huyo mke ni shoga yangu, nyumba yao ndiyo ile yenye mlango wa kijani upande wa pili wa barabara, naiona nikiwa hapa hapa kwenye kigoda. Na kabla hatujaenda mbali niwaambie: nilikuwa najua kinachomsumbua. Alikuja kuazima ungo, ungo ukachukua muda mrefu kuliko kawaida ya ungo, na mwishoni akaniapisha nisimwambie mtu. Mimi! Ni kama kumkabidhi paka samaki na kumwambia alinde. Ulimi uliniwasha mpaka nikawa nanywa maji kila mara.

— Eleza vizuri, akasema Wakili. Mlalamikaji anaanza na tarehe.

— Tarehe gani? Ni kila siku! Ikifika alasiri ananinyang'anya gazeti mkononi, ananiletea viatu, ananiambia toka. Namuuliza niende wapi? Popote, ila usirudi kabla jua halijashuka. Mtu na nyumba yake! Nafukuzwa kama kuku aliyeingia sebuleni.

— Umemfanyia nini?

— Mimi? Mimi namsaidia!

Hapo tulicheka mpaka benchi likateleza kwenye tofali. Msaada wa Msimamizi mtaa mzima unaujua. Alipanga sufuria za mkewe kwa ukubwa, moja ndani ya nyingine, ikawa ile anayoitumia kila siku iko chini kabisa. Akabandika ratiba ya zamu mlangoni mwa jikoni: kufagia, kuchota, kukatakata. Akawa anasimama nyuma ya mwanamke mwenye wajukuu, mikono kiunoni, anamwonyesha namna ya kukata vitunguu.

— Vipande vyake havilingani, akajitetea. Visipolingana haviivi pamoja.

— Nawe umekula vitunguu hivyo tangu ukiwa kijana, nikamwambia.

— Shangazi, zamani sikuwa naviona vikikatwa.

Kisha akapapasa mkanda wa begi.

— Mimi nilidhani kustaafu ni raha. Kiwandani mashine zilikuwa zinanguruma, mtu ukimwita mwenzako unamgusa bega. Nikawa najisemea moyoni, iko siku nitakaa kibarazani, miguu juani, mke wangu kando, kimya, tusikilizane. Basi siku imekuja. Miguu iko juani, mke yuko kando, kimya kipo. La kusema hatuna. Kinachonitokea mimi amekiona, na cha kwake nimekiona. Jana alinielezea habari za panya, nikamwambia panya huyo alipopita nilikuwepo.

Wakati huo dereva mmoja wa lori, ambaye hatukuwa tumemwona kabla, alikuwa akizibiwa pancha ng'ambo ya barabara. Akaja, akaagiza kahawa, akakaa pembeni mwa benchi kimya kama mgeni mwenye adabu.

— Mimi nimeshaelewa, akasema Wakili. Hapa pana suala la nyumba. Anakuzoesha kutoka ili siku moja usirudi. Kisheria, mtu akitoka kwake kila alasiri bila kupinga, nyumba inaanza kumsahau.

— Sheria ya wapi hiyo?

— Niliisikia nikifagia.

— Nyumba gani? akadakia Redio. Huyo ana mtu! Mwanamke hamtoi mume nje kila alasiri bila kumwingiza mwingine.

Nikamtupia Redio punje mbovu ya maharage, ikampata shavuni.

— Shoga yangu mimi? Kwa magoti yale?

— Shangazi, kumpokea mtu hakuhitaji magoti.

— Ngojeni, akasema Msimamizi, na sauti yake ikashuka. Jana nilirudi mapema. Nikapita mlango wa nyuma, taratibu, viatu mkononi. Nikamkuta sebuleni ameketi, uso umeelekea mlango wa mbele. Amechana nywele. Amevaa lile gauni lake la maua. Mbele yake birika la chai, na vikombe viwili.

— Viwili! Redio akaruka. Si nilisema!

— Vikombe viwili si ushahidi, akasema Wakili, ingawa macho yalimtoka. Lazima cha pili kiwe kimenyweka.

— Vyote vilikuwa vitupu. Viko juu chini kwenye sinia, vinangoja. Nikamuuliza, unamngoja nani? Akageuka, akaniona na viatu vyangu mkononi. Jamani, mke wangu alilia. Akabeba birika akaenda kumwaga chai yote uani. Halafu akaniambia: "Wewe hata kurudi hujui kurudi." Usiku kucha hakusema neno lingine. Ndiyo maana mnaona begi.

Maskini, akawa anaivuta zipu ya begi na kuirudisha. Nami nikanywa maji.

— "Hujui kurudi," Wakili akarudia, akifumba macho. Hiyo ni lugha ya kimahakama. Maana yake haki yako ya kurudi imekwisha muda.

— Hapana, akasema Redio, na hapo ndipo aliposhika kasi. Mimi nimeanza kuona mambo. Juzi mke wangu kanituma chumvi, na chumvi ilikuwemo. Wakili, wako je?

— Mimi... kanituma nikaangalie kama mvua itanyesha.

— Ukaangalie wapi?

— Mbali kidogo, akasema.

— Mnaona! Kuna chama! Wake wa wastaafu wamekaa kikao. Wanatutoa alasiri ili wakutane. Kile kikombe cha pili ni cha mwenyekiti.

— Wakutane kujadili nini?

— Kupiga kura.

— Kura ya nini, we Redio?

— Ya kuturudisha kazini. Watakwenda wote kwa meneja wa kiwanda, watamwambia, chukueni watu wenu, hata bila mshahara, mradi watoke asubuhi.

— Mimi sikuwahi kufanya kazi kiwandani, akasema Wakili kwa wasiwasi.

— Wewe utapewa ufagio tu.

Msimamizi hakuwasikiliza. Alikuwa anaangalia mlango wa kijani, na kivuli cha nguzo ya umeme kilikuwa kimeshaufikia. Akainuka, akaning'iniza begi begani.

— Nimewachosha. Tutaonana Mungu akipenda.

Ndipo yule dereva akaweka kikombe chini.

— Samahani, wazee wangu. Mimi ni mpita njia. Enzi za kazi, ukirudi jioni, mama alikuwa anajuaje kwamba ni wewe unayekuja?

Redio akafungua kinywa, akakifunga. Tangu nimfahamu sijapata kuona jambo hilo. Wakili akainamia kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. Na Msimamizi akasimama katikati ya barabara na begi lake.

— Nauliza tu, dereva akaendelea. Mimi nikifika kona ya kwetu napiga honi. Fupi hivi. Mke wangu anasema tangu tuoane hajawahi kuniona nikifika, ananisikia kwanza. Nikikaa naye siku mbili tatu anachoka nami, ananiambia nenda ukalilete hilo lori. Kumbe hataki lori. Anataka honi.

Msimamizi akavua kofia.

— Nilikuwa napiga mluzi, akasema polepole. Nikifika hapa. Hapa hapa kwenye kona hii.

Ee Mola wangu, mluzi ule! Haukuwa wimbo, ulipanda ukashuka, kama mtu anayeuliza, mpo? Mtaa mzima tuliufuata kama saa. Mluzi ukilia, wanawake wote wa barabara hii tunabandika maji, maana zamu imetoka. Nyuma yake kidogo walifuata wengine, na mmoja wao alikuwa marehemu wangu, fundi wa mashine, mtu wa kutembea taratibu. Yeye hakuwahi kupiga mluzi. Alisema, ya nini na mwenzangu ameshapiga? Basi mimi mume wangu nilimjua kwa mluzi wa mume wa mtu.

— Kwa nini uliacha? dereva akauliza.

— Sasa nimpigie mluzi nikitoka sebuleni kwenda jikoni?

Hapo nikaona kiapo changu kimejifungua chenyewe. Nikasema yote. Kwamba shoga yangu alikaa hapa na ungo mapajani akaniambia, namtoa nje ili arudi, nimemkosa mume wangu. Nikamuuliza umemkosaje na anashinda humo ndani? Akaniambia, ndiyo maana. Zamani jioni nzima nilikuwa namngoja, nachana nywele, nafikiria nitakachomwambia. Sasa haji. Yupo tu. Na nikimtoa, anarudi kama mtu aliyetoka chooni, kimya kimya, kwa mlango wa nyuma.

— Na kwa nini hukuniambia, Shangazi? Msimamizi akapaza sauti. Nilikuwa napanda basi!

— Alisema ukiambiwa haitakuwa na ladha. Alitaka ukumbuke mwenyewe.

— Haya, basi piga! akasema Redio. Piga mluzi, baba!

Msimamizi akakaza midomo. Ikatoka pumzi, fff, kama pampu ya baiskeli. Akapapasa ufizi wa juu mbele, pale penye pengo. Yale meno mawili yaliondoka mwaka uleule aliostaafu, na hakuna aliyefikiri yameondoka na kitu. Redio akajaribu kumwonyesha, akatoa kikohozi. Wakili akajaribu, akamrushia mate dereva. Wazee watatu wamesimama kona, mashavu yamevimba kama wapiga tarumbeta waliosahau tarumbeta, na mimi kwenye kigoda nimeshika mbavu, machozi yananitoka.

— Nikupigie mimi? dereva akasema. Mimi meno yapo.

Msimamizi akamkata jicho.

— Mke wangu aitwe na mluzi wa mwanamume mwingine? Asante, kijana. Kunywa kahawa yako.

Akavaa kofia, akageuka, akashika barabara ya kiwandani. Kituo cha mabasi kiko njia hiyohiyo. Tukamwangalia mpaka akapotelea penye nguzo ya umeme iliyopinda.

— Amepanda basi, akasema Redio.

— Hajapanda, nikasema.

— Meno hana, mluzi hana, atafanya nini? Amepanda.

Redio akataka kahawa nyingine. Nikainamisha birika, yakatoka machicha tu. Nikamwambia imekwisha, waende makwao. Hakuna aliyeondoka. Jua lilikuwa limeshagusa mabati. Halafu tukamwona. Anakuja kutoka upande wa kiwanda, begi begani, kofia nyuma kidogo, na ule mwendo wa watu wanaotoka zamu, haraka bila kukimbia. Ungeapa begi lile lilikuwa na ovaroli chafu na siyo nguo za kuhamia. Akafika kwenye kona. Akatusalimia kama watu ambao hajatuona kutwa.

— Habari za jioni, jamani. Leo mashine zimetutesa.

— Pole na kazi, tukamjibu wote, hata dereva.

Akasimama. Akakaza midomo, akapuliza. Fff. Ikapanda kidogo, ikashuka. Mlango wa kijani ukakaa kimya. Akapuliza tena, shingo imemtoka mishipa, na safari hii ndani ya pumzi pakawa na sauti nyembamba, nyembamba kama uzi, lakini ilikuwa ileile: mpo?

Mlango ukafunguka kabla hajamaliza. Shoga yangu akatokea na gauni lake la maua, mkono mmoja kwenye fremu.

— Umechelewa! akapiga kelele, mtaa mzima ukasikia.

— Kaziulize mashine! Msimamizi akajibu, akaenda.

Mlango ukafungwa. Ng'ambo ya barabara fundi wa pancha akaita kwamba gurudumu liko tayari, lakini dereva alikuwa ananiangalia mimi. Hapo ndipo nilipojiona nimesimama mlangoni pangu, jiko nimeshaliwasha, maji yamebandikwa, na sinia iko mkononi na vikombe vyangu viwili vya ndani, vile ambavyo huwa siuzii kahawa.

— Shangazi, si ulisema imekwisha? akauliza dereva. Na hicho cha pili, cha nani?

Redio akaangalia viatu vyake. Wakili akaangalia mbali kidogo, kama mtu aliyetumwa kuangalia mvua.

Barabara ya kiwandani ilikuwa tupu hadi mwisho. Nikakaa kwenye kigoda, sinia mapajani, nikasubiri maji yachemke.