Nani Atamshika Mama Kulia

Kesho ni Irreecha, sikukuu ya shukrani, na sisi wa benchi la Shaashituu muuza kahawa, hapa juu ya ziwa Hora, tumeshindwa kukubaliana ziwa limepungua kwa nini. Benchi lenyewe limekaliwa vibaya. Tolasaa yuko mwisho huku, mdogo wake Fufaa mwisho kule, na mimi, Redio na Bajaji tumebanwa katikati. Ndugu hawa hawasemeshani tangu wagombanie mpaka wa shamba la tefu, miezi minane sasa. Hata sukari ikitoka kwa Tolasaa kwenda kwa Fufaa, inapita mikononi mwetu watatu. Nimechoka, nasema kweli.

— Ni mahoteli hayo — akaanza Redio, anayejua habari kabla hazijatokea. — Wanavuta maji kwa pampu.

— Pampu wapi! — akadakia Bajaji, aliyebatizwa jina na kazi yake. — Ziwa limetoboka chini. Volkano ya zamani iliacha tundu, maji yanapita chini kwa chini hadi ziwa lile jingine.

— Na samaki je?

— Wamehama nayo. Juzi nilipakia abiria ananuka samaki mtupu.

— Kwa hiyo abiria ndiye samaki?

— Sijui bwana, alishuka bila kuaga.

Tukacheka. Tolasaa alicheka akitazama huku, Fufaa akitazama kule.

Shaashituu akamimina duru ya tatu, ile ya baraka.

— Semeni yote. Ziwa limenuna. Mtu anakuja kumshukuru Mungu wetu Waaqa, nyasi mbichi mkononi, kinyongo moyoni. Tangu lini watu wakateremka pale na ugomvi?

Kila mtu akatazama kikombe chake.

Ndipo akaja Soorettii, bi harusi aliyeolewa kwa kina Tolasaa wiki iliyopita, kutoka Jimma. Ya watu hajayajua bado.

— Shikamooni, baba zangu. Bibi amenituma. Anasema miguu imekataa, lakini lazima achovye nyasi zake ziwani mwaka huu, huenda ukawa wa mwisho. Mteremko ni mkali, wanawe wawili watamshusha. Anauliza, nani atamshika kulia, nani kushoto?

Redio akainama kufunga kamba za kiatu. Binti akadhani hatujasikia, akarudia.

Mimi nikasimama. Redio akasimama, Bajaji naye. Benchi likabaki na wale wawili, huku na kule.

— Kulia nashika mimi — akasema Tolasaa, akikiambia kikombe.

— Wewe? — akafoka Fufaa. — Kulia namshika mimi tangu baba afe!

— Mimi ndiye mkubwa!

— Mkubwa, na goti lako bovu? Ukiteleza na mama je?

— Basi shika wewe! Lakini tukifika majini tunabadilishana.

— Tutaona!

Shaashituu akatikisa jebena, birika lake la kahawa.

— Kahawa imekwisha. Nendeni mkamjibu mama yenu.

Wakaondoka wanafokeana njia nzima, bega kwa bega. Machozi yalinitoka, na sioni haya kusema.