Roseline Adongo Owuor, Mama wa Hadithi za Ziwani

Mama yetu, Roseline Adongo Owuor, alizaliwa Yala tarehe 14 Machi 1958, akaletwa mtaa wa Ziwani, jijini, angali anabebwa mgongoni, kwa kuwa babake alikuwa karani wa reli. Alisoma papo hapo mtaani, kisha sekondari Kisumu, ambako walimu walilalamika kwamba insha zake hazina mwisho. Mimi Clare, kifungua mimba wake, nawaelewa walimu hao.

Alifanya kazi ya uchapaji katika ofisi moja mjini hadi alipostaafu. Jioni aliandika hadithi. Mwaka 1981 aliolewa na Phares Owuor, dereva wa kanjo, yaani baraza la jiji, msomaji wake wa kwanza na mlalamishi wake mkuu. Akisoma hadithi alikuwa akimuuliza kuhusu mhusika wake:

“Mama Clare, huyu mtu wako ataosha vyombo mpaka lini? Si tujue kama anafukuzwa nyumba!”

Katika kitabu chake cha kwanza, mhariri alipunguza mambo ya jikoni hadi maji ya ugali yakakosa kuchemshwa. Kikachapishwa hivyo hivyo, mama wa watu anawasongea wageni ugali kwa maji ya mfereji. Jirani yetu Mama Mutheu alimsimamisha sokoni Kariokor.

“Roseline, wageni wako uliwalisha nini?”

Mama alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Tangu hapo alisema, “Jambo la kila siku libaki kama linashika hadithi, au kama linaonyesha moyo wa mtu. Lingine ni uroho wangu, liende.”

Januari mwaka jana figo zake zilianza kushindwa. Hakuogopa kufa, aliogopa kuacha kitabu chake cha mwisho nusunusu. Baba alimsomea kando ya kitanda, naye akawa anakata bila huruma. Wakafika pale mume anapomkata kucha mkewe mgonjwa.

“Toa hiyo,” Mama akasema. “Haisogezi hadithi mbele.”

“Sitoi. Leo asubuhi nimekukata kucha mimi mwenyewe. Wacha ikae.”

Mama akamtazama sana. “Basi ikae. Na uongeze kwamba kidole cha mwisho alimuumiza kidogo.”

Baba akaongeza. Kitabu kikaisha wiki hiyo, na Mama akafurahi kupita kiasi. Alitutoka Ijumaa, tarehe 2 Mei, akiwa mtulivu.

Ameacha mumewe Phares, sisi wanawe Clare na Okinyi, na wajukuu watatu. Baba anasema ndoa yao ilikuwa tamu, na leo asiambiwe ajikaze.

Lala, Mama. Mungu akupe amani na pumziko.