Muulizeni Wifi Yangu

Usinikodolee macho, binti yangu, wala usimkonyeze kaka yako kwamba mama anaropoka. Moyo ndio unaonigomea, kichwa changu kizima, na darasa la saba nililomaliza linatosha kusoma barua ya hospitali. Sikilizeni, wanangu, maana pumzi zangu sasa ni za kuhesabu, na wakwe watarajiwa wanasubiri sebuleni. Wewe wifi, kaa hapo hapo. Hutoki.

Baba yenu aliugua miezi mitano tu, akafa. Fundi aliyekata suti kwa jicho bila chaki, akaanza kushona mkono wa koti penye shingo, akasahau jina langu, akatetemeka, akaenda. Shangazi yenu huyu akasimama mbele ya waombolezaji akasema nimemlisha kaka yake ubongo wa ng'ombe mgonjwa. Miaka kumi na tisa sasa, kila shughuli ya ukoo nikiingia jikoni masufuria yanafunikwa, naambiwa, "Wifi, pumzika nje." Nimepumzika mpaka nimeota sugu.

Wiki iliyopita nilimfuata daktari aliyemtibu. Akafungua faili, akaniambia ugonjwa ule haukutoka kwenye sufuria yangu, ni wa kurithi katika damu ya ukoo, na babu yenu alikufa nao, yule tuliyeambiwa aliteleza kwenye ngazi. Kisha akashangaa: "Dada wa marehemu alikuja kupima miaka sita iliyopita, akakutwa hana. Aliahidi atawaambia." Mnasikia? Alijipima, akashukuru Mungu, akanyamaza, nanyi damu ya baba mnayo, kila mmoja ana nusu kwa nusu ya kuurithi.

Kupima ni hiari yenu. Kuficha si hiari. Msitoe damu kumpa mtu, wala macho yenu mkifa. Siku mkipasuliwa kichwa au jicho, mwambieni daktari kabla hajashika kisu, maana ugonjwa huu haufi kwa kuchemsha vyombo vya upasuaji. Lakini hauambukizi kwa kikombe wala kitanda, kwa hiyo atakayeugua msimtenge. Mimi wifi namtenga kwa ulimi wake.

Nyumba ni yenu wawili. Cherehani ya baba achukue binti. Kiwanja cha nyuma, anachofugia kuku shangazi yenu, hati ina jina langu. Banda livunjwe kabla sijaoza. Na kwenye msiba wangu asionje hata chumvi. Mwekeeni kiti kizuri. Apumzike nje.

Usilie, wifi, machozi yako nayajua, ni ya mfiwa wa kukodi.

Mwanangu, nilipokudokezea jana ulisema tuwaambie wakwe zako baada ya harusi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kitamuumbua mtoto wa watu akiwa na mimba yako. Nilipoolewa waliniuliza kama kwetu kuna kifafa. Sikuwauliza wao, nilikuwa mjinga wa miaka kumi na minane. Mama wa mchumba wako si mjinga. Nimekupa nafasi tangu jana useme mwenyewe. Hukusema.

Nishike... hapana, acha, ukuta unatosha. Mungu awape umri mrefu, na akili ya kuutumia. Ngoja nipumue.

Wifi, uliomba uwe msemaji wa ukoo leo. Nimekupunguzia kazi, kule sebuleni nasema mimi. Wewe baki na hawa, uwajibu. Msinifuate. Mlango naufunga.